Kombe la Chalenji na Zanzibar Heroes: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya maswali mie nayasikia barzani Chake Chake, nayasikia kwenye boti nikielekea Unguja, na kila mwezi wa 12 ukikaribia watu wananitumia kwenye simu, eti Chalenji mwaka huu ipo au haipo. Basi nimeona niyaandike yote pahala pamoja, mtu akiuliza tena namwelekeza huku. Mengine jibu lake fupi, mengine yana hadithi, haya ya hadithi tuvumiliane.

Chalenji hasa ni mashindano gani?

Ni mashindano ya timu za taifa za wakubwa za nchi wanachama wa CECAFA, yaani baraza la vyama vya mpira wa miguu Afrika Mashariki na Kati. Wanachama ni 12: Burundi, Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania Bara, Uganda na sisi Zanzibar (timu yetu ya taifa ndo Zanzibar Heroes). Timu zinagawiwa makundi, wanaofuzu wanakwenda nusu fainali (zikiwa timu nyingi kunakuwa na robo kabla), halafu fainali. Nchi moja inaandaa, wengine wanafunga safari, wiki mbili hivi mambo yamekwisha.

Yameanza lini?

Zamani sana, kuliko watu wengi wanavyodhani. 1926 Kenya na Uganda walianza kushindania Kombe la Gossage, na hilo jina lilikuwa la mtengeneza sabuni wa Uingereza, kampuni ya sabuni ndo ilikuwa inadhamini. Tanganyika wakaingia 1945. Zanzibar tukaingia 1949. 1967 jina likabadilika ikawa Chalenji, na kuanzia 1973 ndo ikawa chini ya CECAFA kama tunavyoijua leo.

Huo mwaka 1949 naomba uushike, nitaurudia.

Kwani si nchi moja? Mbona Zanzibar ina timu yake na Bara ina yake?

Hili ndo swali namba moja, na anayeuliza mara nyingi ni kijana wa Bara aliyekuja kutembea au mtoto wetu wenyewe ambae hajaelezwa. Jibu ni kwamba Zanzibar ilikuwa inacheza haya mashindano kwa jina lake na bendera yake miaka 15 kabla ya Muungano wa 1964. Tulishakuwamo ndani. Muungano ulipokuja mpira haukuingizwa kwenye mambo ya Muungano, kila upande umebaki na chama chake: Bara wana TFF, sisi tuna ZFF ambayo wengi bado wanaiita ZFA kwa mazowea. CECAFA wanatutambua kama mwanachama kamili, anapiga kura, anaandaa, anacheza. Hatujapewa upendeleo wowote hapo, ni kiti chetu cha tangu enzi za wazee wetu.

Kilimanjaro Stars na Taifa Stars ni timu moja au mbili?

Taifa Stars ni ya Tanzania nzima, wa Bara na wa Visiwani, ndo inacheza AFCON (kombe la mataifa ya Afrika) na kufuzu Kombe la Dunia. Kilimanjaro Stars ni ya Bara peke yake, inaonekana pale tu sisi tunapokuwa na timu yetu, kama kwenye Chalenji. Kwa hiyo ukiona mechi imeandikwa Zanzibar Heroes na Kilimanjaro Stars usishangae ukamuona mtu na rafiki yake wa kwenye kambi ya Taifa Stars wanakabana koo. Wiki ya pili wako pamoja tena.

Mchezaji akichezea Heroes anaruhusiwa kuchezea Taifa Stars?

Anaruhusiwa, hamna tatizo kabisa. Nadir Haroub Cannavaro alikuwa beki na nahodha wa Heroes na akawa nahodha wa Taifa Stars. Feisal Salum, Mudathir Yahya, Ibrahim Abdulla Bacca, wote hao ni wetu na wote wameivaa Taifa Stars. Hata kocha Hemed Suleiman, Morocco tunavyomwita, aliipeleka Heroes fainali 2017 na baadae akaja kuifundisha Taifa Stars ikafuzu AFCON ya 2025. Mtu akikwambia mpira wa Visiwani hamna kitu muulize angetoa majina hayo hapo kwenye kikosi angebakisha nani wa kati.

Basi kwa nini hatuchezi AFCON wala Kombe la Dunia kama Zanzibar?

Kwa sababu FIFA hatumo, kiti ni kimoja na kinashikwa na Tanzania. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nao tulikuwa wanachama washiriki tangu 2004, maana yake klabu zetu zinaingia kwenye Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho (ndo maana unaona KMKM, JKU, Mlandege wanasafiri kucheza na Waarabu) lakini timu ya taifa haimo.

Halafu ikaja 2017. Tarehe 16 Machi, Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF ukatupokea kuwa mwanachama kamili, wa 55. Mie siku ile nakumbuka watu wanapongezana njiani kama Idi, wazee ambao mpira wanausikia tu kwenye redio wanauliza "sasa tutacheza na Misri?" Miezi minne tu. Mwezi wa 7 CAF wakakaa Rabat, rais mpya Ahmad Ahmad akasema hatukutakiwa kuingizwa toka mwanzo kwa sababu nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, wakafuta. Hata droo moja hatujaingia. Inauma na sina haja ya kuficha kwamba inauma mpaka leo.

Sasa unganisha mwenyewe: FIFA hatumo, CAF ya timu za taifa hatumo. Timu ya wakubwa ya Zanzibar inabakiwa na mashindano gani rasmi? Chalenji. Kwa Kenya au Uganda Chalenji ni mashindano ya tatu au ya nne kwa umuhimu, kocha anaweza akapeleka vijana akajaribu. Kwetu sie hii ndo Kombe la Dunia, hamna nyengine. Mtu akilielewa hili ndo ataelewa kwa nini barza nzima inanyamaza mechi ikianza.

Tushawahi kuchukua kombe?

Ndiyo. 1995, nchini Uganda, fainali tulishinda 1-0. Mara moja tu, lakini ipo na haifutiki.

Mbali na hiyo tumeshika nafasi ya tatu, kwa mfano 2012 Kampala tuliwatoa Kilimanjaro Stars kwa matuta (penalti) baada ya sare ya 1-1. Wa Bara hawapendi kukumbushwa hiyo.

2017 ilikuwaje? Kila mtu anaizungumza.

Kaa kitako basi.

Ule ule mwaka wa CAF, mwezi wa 12, Chalenji inachezwa Kenya. Sie tumepangwa kundi moja na wenyeji Kenya, Rwanda, Tanzania Bara na Libya ambao walikuja kama wageni waalikwa. Hakuna aliyetupa hesabu. Vijana wengi wanacheza ligi ya hapa hapa nyumbani, mtu anatoka mazoezini anapanda gari ya abiria kurudi kwao.

Mechi ya kwanza Rwanda, tukawapiga 3-1. Watu wakasema bahati. Ya pili Kilimanjaro Stars, 2-1, hapo sasa simu zikaanza kulia. Kenya tukatoka nao 0-0 kwao. Libya wakatufunga 1-0 lakini tulishafuzu. Nusu fainali Kisumu tunakutana na Uganda, mabingwa watetezi, timu iliyochukua hili kombe kuliko mtu yoyote, tukawatoa 2-1! Mie nilikuwa maskani kwetu, tivii moja watu sijui wangapi, waliokuwa nyuma hawaoni kitu wanasubiri kuambiwa, na bao la pili lilipoingia kuna mzee mmoja jirani yetu, mtu wa heshima zake, kanzu na kofia, alitoka mbio mpaka barabarani akarudi.

Fainali 17 Disemba, Machakos. Kenya wakatufunga mapema, Ovella Ochieng, na tokea hapo ni kuhangaika tu, muda unakwenda, watu wameshaanza kukunja majamvi, dakika za mwisho mwisho Khamis Musa Makame akasawazisha. Tukaenda muda wa nyongeza, Masoud Juma akawaweka Kenya mbele tena, dakika mbili tatu tukarudisha tena. 2-2. Matuta.

Kwenye matuta kipa wao Patrick Matasi alidaka tatu. Tatu! Kenya wakashinda 3-2. Maskani kwetu hakuna aliyesema neno, watu waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao kulala. Asubuhi yake ndo nilisikia mtu wa kwanza akisema "lakini wamecheza", na baada ya hapo siku nzima ikawa ndo neno hilo hilo, wamecheza, wamecheza. Timu iliporudi ilipokewa kama imekuja na kombe, na ilistahili.

Kwa maoni yangu ile timu ilijibu Rabat kwa miguu. Ilitoka njia nzima mpaka ikasimama hatua kumi na moja za penalti kutoka kwenye kombe, miezi mitano baada ya kuambiwa hatufai kuwa na kiti.

Nani kachukua mara nyingi?

Uganda, mara 15, hawakamatiki. Kenya 7. Ethiopia 4. Tanzania Bara, Malawi na Sudan 3 kila mmoja. Zambia 2. Zimbabwe, Rwanda na sisi moja moja. Hiyo ni kuanzia 1973, ukichanganya na za Gossage hesabu inakuwa nyengine na watu ndo hapo wanapogombana barzani, kila mtu ana hesabu yake, kumbe wanahesabu vitu viwili tofauti.

Malawi, Zambia na Zimbabwe wamefikaje huko?

Walikuwa wanacheza ukanda huu zamani, siku hizi wako COSAFA, ukanda wa kusini.

Na Ivory Coast? Nasikia waliwahi kucheza fainali.

Kweli, 2010 Dar es Salaam. Walialikwa, wakafika fainali, Tanzania Bara wakawafunga 1-0 kwa penalti ya Nsajigwa. CECAFA wana kawaida ya kualika timu za nje kujaza makundi.

Mgeni akishinda fainali anaondoka na kombe?

Ilitokea 2006 Ethiopia. Zambia walikuwa wageni, fainali wakaishinda Sudan kwa matuta, lakini ubingwa ukaandikwa wa Sudan kwa sababu Zambia si mwanachama. Mie naona ukimwalika mtu mezani usimnyang'anye sahani, lakini kanuni ndo ilivyokuwa.

Kagame Cup ndo hiyo hiyo?

Hapana. Kagame ni ya klabu, Chalenji ni ya timu za taifa. Zote za CECAFA.

Ile ya Gombani Januari 2025 ilikuwa Chalenji?

Haikuwa Chalenji, ilikuwa Kombe la Mapinduzi. Miaka yote Mapinduzi wanacheza klabu, lakini mwaka ule wakageuza ikawa timu za taifa, na wakaileta Pemba, uwanja wa Gombani. Zikacheza timu nne: Zanzibar Heroes, Kilimanjaro Stars, Kenya na Burkina Faso. Hebu fikiria, Burkina Faso, Chake Chake!

Mie nilikuwepo. Mechi ya kwanza tarehe 3 Januari tuliwafunga Kilimanjaro Stars 1-0, na fainali tarehe 13 tuliwafunga Burkina Faso 2-1. Siku ya fainali gari zilikuwa zinatoka Wete, Konde, Micheweni, Mkoani, mtu amekaa amempakata mwenzake, mama wa chapati na mishkaki pale nje wamemaliza kuuza kabla jua halijazama. Sisi tukatangulia, Burkina Faso wakarudisha, na ikaonekana kama yale ya Machakos yanataka kujirejea, watu wameshika vichwa, mie nilikuwa nasoma dua tu sitizami tena uwanjani. Bao la pili lilikuja mwisho kabisa. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, mpaka leo simjui jina, tukikutana sokoni tunacheka tu.

Sasa kuna wenzangu wanasema lile ni bonanza halihesabiki kwenye rekodi za CECAFA. Sawa, kwenye rekodi za Chalenji halihesabiki, hilo sibishani. Lakini wachezaji walikuwa wa kweli, jezi ilikuwa ya kweli, na kwa Pemba ambako mtoto anakua anaiona timu yake kwenye tivii tu, kuiona Heroes kwa macho yako ikinyanyua kombe nyumbani, lile si jambo dogo hata kidogo.

Mbona Chalenji yenyewe haichezwi siku hizi?

Ya mwisho ya wakubwa ilikuwa Disemba 2019, Uganda, wenyeji wakawafunga Eritrea 3-0 fainali. 2021 waliyoiita Chalenji kule Bahir Dar, Ethiopia, ilichezwa na vijana chini ya miaka 23, Tanzania wakachukua. Na hata kabla ya hapo ilikuwa inarukaruka, 2014 haikuchezwa, 2016 haikuchezwa, 2018 haikuchezwa.

Sababu unaziona mwenyewe. Pesa kwanza: kusafirisha timu 12, hoteli, chakula, marefa, mdhamini hana uhakika. Pili ratiba: mara nyingi inachezwa Novemba na Disemba nje ya zile wiki za FIFA, kwa hiyo klabu hailazimiki kumtoa mchezaji wake na klabu kubwa hazitaki, nchi zinaleta kikosi nusu, kikosi nusu watu hawaji uwanjani, watu wasipokuja mdhamini nae anakimbia. Tatu mashindano yamekuwa mengi, kuna CHAN (ya wachezaji wa ligi za ndani), kuna kufuzu AFCON, kuna kufuzu Kombe la Dunia.

Mie hizo sababu nazielewa. Ila Kenya wakikosa Chalenji wana mechi nyengine kumi mwaka huo, sie tukikosa Chalenji timu yetu ya taifa inalala. Kijana alokuwa na miaka 20 mwaka 2017 ameshafika umri wa kuitwa mkongwe na Chalenji aliyoiona baada ya ile ni moja. Kwa hiyo mtu akisema "ifutwe tu haina maana" naomba afikirie anamfutia nani.

Zanzibar tunaweza kuandaa?

Tulishaandaa, 1990, Uganda wakachukua. Na sasa hivi tuna uwezo kuliko wakati ule, Amaan (uwanja wa Unguja) imejengwa upya na ikafunguliwa mwisho wa 2023, Agosti 2025 ikapokea mechi za CHAN, Senegal, Nigeria, Sudan na Congo Brazzaville walicheza mechi nyingi za kundi lao pale, Sudan akampiga Nigeria 4-0 na sisi tunatizama. Gombani nayo umeiona. Viwanja viwili vya kisiwa na kisiwa, makundi mawili, moja Unguja moja Pemba, fainali waje huku kwetu (hapo najipendelea, najua).

Timu za vijana na wanawake?

Zipo. Vijana wanaitwa Karume Boys, na 2023 wale wa chini ya miaka 15 walichukua ubingwa wa CECAFA kule Uganda, waliwatoa wenyeji kwa matuta. Wanawake wanaitwa Zanzibar Queens nao wanacheza mashindano ya CECAFA. Queens wanahitaji mechi nyingi kuliko wanazopata, huwezi kumlaumu mtoto wa kike kwa kufungwa ikiwa mwaka mzima hajapewa mpinzani.

Nina mtoto wa kiume ana miaka 13 yuko skuli Wete anapenda mpira, afanyeje afike Heroes?

Mpeleke kwenye timu za madaraja ya vijana, zile ligi za Juvenile na baadae Central, huko ndo wanakotizamwa. Usimkatishe skuli, mashindano ya skuli nayo yanatoa wachezaji. Cheti chake cha kuzaliwa kiweke sawa na kiwe cha kweli, usikubali mtu akakushauri kupunguza miaka, siku hizi timu za vijana wanapimwa umri kwa mashine ya MRI na akibainika anaondolewa, jina lake linaharibika akiwa bado mdogo. Na kama anacheza bila viatu asikuone unahuzunika, tafuta hata vya mtumba vinavyomtosha, vikimbana ataumia vidole na kipindi cha mvua uwanja wenyewe unateleza.